Kuhamia kando ya bwawa la Hombolo: tupate wapi umeme tutakaoumudu?

MwalimuMstaafu ameuliza:

Heshima kwenu nyote. Mimi na mume wangu tunakusudia kuhama Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, na kwenda kuishi Hombolo upande wa bwawani, ambako tumepata shamba dogo lenye nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa kwa bati. Tumefundisha mjini kwa miaka mingi, watoto wetu wanajitegemea, na tunachokitafuta sasa ni utulivu, kuku wachache na miche ya zabibu tutakayoihudumia wenyewe. Nyumba hiyo iko jirani kabisa na maji, jambo lililotuvutia kuliko mengine yote. Nguzo ya mwisho ya umeme, hata hivyo, iko mbali nayo, nadhani kiasi cha nusu kilomita.

Mahitaji yetu si makubwa. Tunahitaji taa, runinga, kuchaji simu na kompyuta mpakato, feni wakati wa joto, pampu ya kuvuta maji kutoka kisimani, na friji ambayo kwetu si anasa kwa sababu mume wangu anatumia insulini. Fundi mmoja wa mjini ametushauri tununue mfumo wa umeme wa jua wa kilowati 5 utakaowasha kila kitu, pamoja na jiko na pasi, kwa bei ambayo ingemeza sehemu kubwa ya kiinua mgongo chetu. Ndugu yetu mwingine anasema tusinunue chochote, bali tuwasubiri TANESCO. Muuzaji anataka jibu, nasi hatutaki kuingia katika makazi ya uzeeni tukiwa na deni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

FundiSola_Chamwino amejibu:

Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua katika vijiji vya Chamwino na Bahi, na ninakuomba kwanza usitoe hata shilingi moja kwa ajili ya mfumo huo wa kilowati 5. Fundi anayekutajia mfumo kabla hajauliza mnatumia vyombo gani, na kwa saa ngapi, anakuuzia mzigo alio nao dukani. Hesabu huanzia kwenye matumizi, na matumizi yenu nimeyapiga hapa kwa kadiri ulivyoyaeleza.

Taa sita za wati 7 zikiwaka saa tano kila usiku hutumia wati-saa 210. Runinga ya inchi 32 yenye wati 40, ikiwashwa saa nne, ni 160. Kompyuta mpakato pamoja na simu mbili hazizidi 170, na feni ndogo ya wati 20 inayozunguka saa nane katika usiku wa Oktoba au Novemba ni 160 nyingine. Hadi hapo mmefika wati-saa 700 kwa siku. Friji ya lita 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya sola itaongeza kama 600 katika joto la kwetu, yaani peke yake inakaribia vyombo vingine vyote kwa pamoja, kwa hiyo friji ndiyo itakayoamua ukubwa wa mfumo wenu. Ukinunua friji ya kawaida iliyochakaa kwa sababu ni rahisi, utailipia mara mbili kwenye paneli na betri.

Jumla ni wati-saa 1,300. Kwa kuwa umeme hupotea kwenye betri, nyaya, vumbi na joto, gawanya kwa 0.7 upate takriban 1,860, kisha ugawanye kwa saa 5 za jua kali ambazo Dodoma tunaweza kuzitegemea. Jibu ni wati 372 za paneli. Mimi ningewafungia paneli mbili za wati 300 kila moja, ili mawingu ya Januari na Februari yasiwaweke gizani. Betri moja ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100 ina wati-saa zipatazo 2,500, na unaweza kutumia asilimia 80 yake bila kuiumiza; hiyo ni siku nzima na nusu ya matumizi yenu. Betri za asidi zina bei ya chini dukani, lakini hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mngehitaji mbili za ampea-saa 200 ili kupata kiasi kinacholingana na hicho, na zingechoka mapema zaidi.

Kilichoufikisha mfumo wenu kilowati 5 ni jiko na pasi, kwa sababu kila kimoja huvuta wati 1,000 hadi 2,000. Pikieni gesi. Pampu nayo isiguse betri kabisa: fungeni pampu ya DC inayopata umeme kutoka kwenye paneli yake yenyewe, ifanye kazi mchana na kujaza tangi la lita 2,000 lililoinuliwa juu ya mnara mfupi, ili maji mliyoyahifadhi yatumike usiku bila kuhitaji umeme wowote. Tangi ni rahisi kuliko betri, na halichoki.

Mkazi_wa_Mtera amejibu:

Mwalimu, pole kwa mahangaiko ya kuhama. Nilikuwa muuguzi kabla ya kustaafu na sasa ninaishi kando ya bwawa la Mtera, kwa hiyo nitasema kuhusu maji na kuhusu insulini, nikiwaachia mafundi mambo ya waya.

Umeandika kwamba nyumba iko jirani kabisa na maji, na hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuamriwa kuondolewa hata kama muuzaji anazo karatasi zenye mihuri, na kiinua mgongo chenu kitaondoka nayo. Nendeni mkapime kwa futi, na msipime kutoka pale maji yalipo mwezi wa Oktoba. Huku kwetu bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha uendeshaji ni mita 690. Katika ardhi tambarare tofauti hiyo huyasogeza maji mbali sana, na nimeona mashamba ya mahindi yakigeuka makazi ya perege ndani ya msimu mmoja. Hombolo ni bwawa la mwaka 1957 na limejaa tope kwa miaka mingi, kwa hiyo ukingo wake wa masika waulizeni wazee wanaolima hapo, wawaonyeshe alama ya maji kwenye miti. Kabla ya kuchimba kisima na kufunga pampu, piteni pia ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa kuwa Hombolo iko katika bonde hilo, ili mjue kama mnahitaji kibali.

Hiyo pampu msiione kama starehe. Mabwawa yaliyotulia yana konokono wanaobeba kichocho, na kila mtu anayeingia majini kuchota kwa ndoo yuko hatarini. Maji yanayofika nyumbani kwa bomba yatawakinga nyote wawili.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na haipaswi kuganda hata mara moja, kwa sababu ikishaganda haifai tena ingawa kwa macho inaonekana ileile. Friji nyingi ndogo za sola hugandisha vitu vilivyo karibu na ukuta wa nyuma, kwa hiyo wekeni kipimajoto ndani, na chupa zikae katikati, ndani ya kikasha. Chupa ambayo mzee ameshaanza kuitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa, ambacho kwa aina nyingi ni nyuzi 25 au 30. Kwa siku ambayo umeme utawakatikia, andaeni chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, na katikati yao mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, juu pafunikwe kwa kitambaa kibichi. Hewa ya Dodoma ni kavu mno, ndiyo maana njia hii hupoza vizuri huku kwetu, ingawa haishuki hadi nyuzi 8 na haiwezi kuchukua nafasi ya friji kwa akiba ya dawa.

Jirani_Bwawani amejibu:

Mwalimu, karibu sana Hombolo. Nakubaliana na fundi kuhusu ukubwa wa mfumo, lakini sikubaliani naye anapoandika kana kwamba TANESCO hawapo. Hombolo ina umeme, na kwa mtu wa matumizi madogo hakuna kinachoshinda bei yake. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000) hadi uniti 75 kwa mwezi, ambazo pamoja na kodi na tozo ni shilingi 122, yaani shilingi 9,150 kwa uniti zote 75. Gawanya kwa siku 30 upate uniti 2.5 kila siku, ambayo ni karibu mara mbili ya wati-saa 1,300 alizozihesabu fundi. Ziada inayobaki inatosha jiko la umeme la presha, ambalo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na hapo hata mtungi wa gesi utadumu. Kilicho muhimu ni kutovuka zile 75, kwa sababu kila uniti inayozidi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi.

Tatizo lenu ni umbali. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, lakini Hombolo iko ndani ya Halmashauri ya Jiji, na kwa maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mjini ada huwa 320,960 hata pasipo nguzo. Ulizeni ofisini eneo lenu limewekwa kundi gani kabla hamjapanga bajeti. Nusu kilomita ina maana ya nguzo nyingi, na mtu mmoja hawezi kuzibeba. Andikeni barua pamoja na majirani wote wa upande huo kupitia mwenyekiti wa mtaa, maana ombi la kaya nyingi ndilo linaloingizwa kwenye mipango ya kupanua njia.

Kwa sasa fungeni sola, ila nyumba isukwe nyaya za kawaida za volti 230 na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, umeme wa jua uingie kupitia inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, na swichi ya kubadilishia. Siku nguzo ikifika hamtabomoa ukuta hata mmoja. Taa za volti 12 ambazo mafundi wengi wa sola huzipenda zingewalazimisha kuanza upya.

MwalimuMstaafu amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Tumekwenda kupima, na kwa alama ya maji waliyotuonyesha wazee, kona ya nyumba ile haifiki hata mita 40. Tumeiacha. Muuzaji huyohuyo ana kipande cha juu, karibu na barabara, ambako bwawa linaonekana vizuri na nguzo haiko mbali kama kule. Tutajenga nyumba ndogo zaidi, tuanze na sola ya kiasi alichokitaja fundi, na barua ya majirani imeanza kuzungushwa. Fundi, nilikuwa na maswali mawili: nitajuaje kwamba paneli ninayouziwa ni ya wati 300 kweli, na je, vumbi la kiangazi halitaiharibu?

FundiSola_Chamwino amejibu:

Mwalimu, uamuzi huo umenifurahisha kuliko hesabu yangu. Jirani naye amesema kweli kuhusu nyaya, nami nakubali: sukeni nyumba kwa volti 230, friji peke yake ndiyo iunganishwe moja kwa moja na betri ili iendelee kufanya kazi hata inverta ikizimwa.

Paneli ipime kwa futi kabla ya kuitazama karatasi yake. Paneli nzuri za siku hizi hutoa takriban wati 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ya wati 300 lazima ikaribie mita moja na nusu ya mraba. Ukiletewa yenye ukubwa wa meza ya kahawa na imeandikwa 300, irudishe. Kisha mwombe muuzaji aitoe nje juani saa sita mchana, aunganishe kipimo cha umeme cha mafundi (multimita), na alinganishe ampea zinazosomeka na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Anayekataa kufanya hivyo mbele yako, usinunue kwake.

Ifungwe ikielekea kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iweze kuiosha, na iachwe nafasi ya kiganja kati yake na bati kwa sababu paneli ikipata joto kali hupunguza umeme. Betri iwe ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi. Vumbi halitaiharibu paneli, litapunguza tu kinachotoka, na kuanzia Juni hadi Novemba mtaifuta mara moja kwa wiki. Fanyeni hivyo alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini, na msitumie maji ya bwawa wala ya kisima, kwa kuwa maji ya Hombolo yana chumvi inayoacha ukungu mweupe juu ya kioo. Wekeni mfereji kwenye bati na simtanki moja ya maji ya mvua. Lita mbili tatu zinatosha kwa kila usafi.