Wakuu, saa gani ya mkononi inasomeka gizani na haiogopi maji wala kugongwa?

mvuvi_nansio

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwenye jambo moja. Mimi ni mvuvi wa dagaa huku Ukerewe, kazi yetu ni ya usiku na ni usiku wa giza haswa, mbalamwezi ikiwa kubwa tunapumzika tunashona nyavu, kwa hiyo muda wote nikiwa ziwani ni giza totoro ukiacha zile taa za kuvutia dagaa. Simu naifunga kwenye nailoni naificha chini maana ikilowa ndo basi tena, sasa kila nikitaka kujua ni saa ngapi inabidi nikaushe mikono, nifungue nailoni, niangalie, nifunge tena, inachosha kwa kweli. Nataka saa ya mkononi. Iwe inasomeka gizani bila kuhangaika, isiingie maji, na igongwe na ukingo wa mtumbwi isife.

Muda kwetu ni kitu kikubwa, ukishaweka taa kuna masaa ya kusubiri dagaa wajae kabla ya kuvuta, na tukitoka mitumbwi miwili mitatu tunapatana kabisa saa ya kuvuta na saa ya kurudi ili tuwahi wachuuzi mwaloni.

Dukani nimeona moja ya mishale imeandikwa WATER RESIST na namba zake zinawaka kijani ukizima taa, muuzaji anasema unaogelea nayo bila wasiwasi. Nyingine ni yale madude ya plastiki nene yenye batani nne. Bajeti yangu laki moja na nusu, nikizidisha kidogo sio mbaya ila kitu kidumu. Mnanishauri nini?


askari_wa_zamu

Mkuu usijisumbue, chukua Casio F-91W. Nyepesi, betri inakaa hadi miaka saba, bei ya kawaida kabisa. Mimi nalinda usiku na ndo ninayovaa, haijawahi kunisumbua.


fundisaa_mza

Habari mkuu mvuvi, mimi ni fundi saa, nipo Mwanza, za wavuvi zinakuja sana mezani kwangu kwa hiyo ngoja niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza kwa heshima ya aliyetangulia, F-91W ni saa nzuri sana kwa bei yake, ila kwa mtumbwini hapana. Taa yake ni kitaa kimoja kidogo cha kijani kimekaa upande wa kushoto wa kioo, ukiibonyeza namba za kushoto unaziona vizuri, za kulia zinabaki kwenye kivuli na sekunde zenyewe mpaka usogeze saa puani. Halafu upande wa maji ile ni ya kunawa na kurushiwa matone, sio ya kushinda unavuta wavu uliolowa.

Sasa turudi kwenye giza. Usiulize saa gani kabla hujauliza inawaka kwa kutumia nini, maana ziko namna tatu na wauzaji wanazichanganya zote wanasema inawaka.

Ya kwanza ni rangi, hiyo uliyoiona dukani. Ile rangi inakunywa mwanga na kuutoa taratibu kama sponji na maji. Nzuri zake zimetengenezwa kwa strontiamu alumineti, ilitoka Japani kwenye kampuni ya Nemoto mwaka 1993, wenye saa za Uswisi wanaiita Super-LumiNova, Seiko wanaita LumiBrite, haina mionzi yoyote. Ukitoka kwenye mwanga mkali inawaka sana dakika za mwanzo, afu inashuka haraka, ile iliyopakwa nene na ya ubora utaiona mpaka alfajiri ila kwa mbali sana na macho yako yawe yamezoea giza. Zile za bei poa wamepaka kiduchu, nusu saa imeisha, na dukani hujui kwa sababu muuzaji anazima taa sekunde tano anakuonyesha. Mwambie aiweke kwenye droo ukanywe chai, ukirudi ndo uangalie.

Ya pili ni tritiamu, vile vijibomba vidogo vya kioo vyenye gesi ndani, vinatengenezwa Uswisi na kampuni inaitwa mb-microtec. Hivyo havihitaji chaji ya mwanga kabisa, vinawaka mfululizo usiku na mchana, kila miaka kama 12 mwanga unapungua nusu. Ila mwanga wenyewe ni hafifu. Na hapa ndo tatizo lako mkuu, wewe hauko kwenye giza totoro kweli, wewe uko pembeni ya taa kali za dagaa, jicho likishaangalia ile taa linakuwa halioni kitu kilicho hafifu. Utaitazama saa ya laki kadhaa na usione kitu. Bei nayo iko nje ya bajeti, kwa hiyo hiyo tuiache.

Ya tatu ni taa ya batani, na kwako naona hii ndo yenyewe. Ziko zinazowasha kioo kizima rangi ya buluu kijani, teknolojia ambayo Timex walianza kuiuza mwaka 1992 kwa jina la Indiglo, na ziko za LED. Ile ya kioo kizima inapendeza na inasomeka vizuri lakini ikikaa miaka inafifia, LED inadumu zaidi na saa nyingi mpya wamehamia huko. Angalia tu LED yake imulike kioo chote.

Na usichukue yenye kioo cheusi na namba nyeupe hata kama inapendeza. Mwanga ukiwa mdogo zile hazisomeki. Chukua namba nyeusi kwenye kioo cha kijivu.


mzamiaji_mafia

Naunga mkono, ila naongezea kwenye maji maana hapo watu wanaibiwa sana. Mimi natembeza wageni kuzamia huku Mafia.

Yale maneno WATER RESIST bila namba, au 30M, au 3 BAR, maana yake ni mvua na kunawa basi. Sio kwamba unashuka nayo mita 30. Ile namba ni presha waliyoipima saa ikiwa imetulia, wewe ukipiga mkono majini au wimbi likikupiga hali ni nyingine. 50M unaogelea kidogo. Kwa mvuvi anzia 100M, na 200M ndo unalala usingizi. Za kuzamia zenyewe zina kiwango chake kinaitwa ISO 6425, na moja ya masharti yake ni kwamba lazima isomeke gizani ukiwa umeiweka sentimita 25 kutoka machoni, kwa hiyo ukiona imeandikwa DIVER'S 200M na ni orijino ujue rangi yake gizani nayo imepimwa. Kuna Seiko moja SKX007, ilitoka 1996 wakaacha kuitengeneza 2019, mpaka leo wazamiaji wanaitafuta kwa sababu hiyo, rangi yake inawaka vibaya mno.

Batani usizibonyeze saa ikiwa ndani ya maji. Kitu kingine ambacho watu hawakijui, dawa za kujipaka za mbu zenye DEET zinakula plastiki, kioo cha plastiki kinafanya ukungu na mkanda unakuwa kama unanata. Na ninyi huko na mbu wenu, jipake kwanza, acha ikauke, nawa viganja, ndo uvae saa. Wa baharini kama sisi tuna na la chumvi, lazima kusuuza kwa maji baridi kila siku la sivyo batani zinaganda, wewe wa ziwani hilo umesalimika.


nesi_wa_usiku

Samahani kaka zangu, mimi natofautiana na fundi hapo kwenye batani. Batani inataka mkono wa pili. Mimi nikiwa wodini usiku mkono mmoja umeshika mtoto, nahesabu pumzi dakika nzima, nani ananibonyezea taa? Ndo maana natumia ya mishale yenye rangi nzuri na mshale wa sekunde nao umepakwa, natupa jicho mara moja nimeshaona. Na ya mishale macho yetu yameizoea, mshale mfupi ukiwa kwenye mbili unajua ni saa nane hata hufikirii, hii ya namba mpaka uongeze au utoe sita kichwani na usingizi juu.

Sasa huyu kaka anavuta wavu, mikono yote miwili imeshika kamba. Atabonyezaje?


fundisaa_mza

Dada umesema kitu cha maana sana na ni kweli nilikipita.

Mkuu mvuvi hapo una njia mbili. Njia ya kwanza ni kama ya dada, ya mishale yenye rangi nene, na wewe una bahati moja ambayo wengi hawana, una taa kali pale pale. Zile taa nyeupe za LED mnazotumia siku hizi zina mwanga wa buluu ndani yake na ile rangi inaupenda huo, ukiisogeza saa karibu na taa dakika moja hivi inajaa vizuri. Kwa hiyo mkiwa mnasubiri, kila baada ya muda unaichaji. Ila chagua yenye alama ya saa kumi na mbili tofauti na nyingine, pembetatu au vijiti viwili, kwa sababu gizani kwenye mtumbwi unaoyumba unaweza ukaisoma imepinda.

Njia ya pili ni G-Shock, yale madude ya plastiki nene ya Casio, ya namba yenye taa inayojiwasha. Unageuza mkono kama unaangalia saa, inawaka yenyewe. Sio zote zinayo, uliza. Tatizo ni kwamba kila ukigeuza mkono inawaka, na wewe unavuta wavu mkono unageuka muda wote, betri ya kawaida itakwisha upesi. Ndo maana za sola ni bora, na kwenye sola nyingi taa haijiwashi mpaka iwe giza kweli, haichezei umeme mchana. GW-M5610 ni ya hivyo, mita 200. Inaweza ikazidi bajeti yako. Ina na kitu cha kupokea muda kwa redio, vituo vyake viko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, huku kwetu haipati, kwa hiyo usikubali muuzaji akupandishie bei kwa hilo, bila redio inakosea kama sekunde 15 kwa mwezi tu.

Sola ina faida nyingine ambayo mimi fundi naiona kuliko wengine. Saa nyingi za maji haziharibiki siku ya kununuliwa, zinaharibika siku ya kubadilishwa betri. Ndani ya kifuniko cha nyuma kuna oringi, mpira mwembamba mweusi wa kuzuia maji, fundi wa haraka haraka anaitoa ikiwa imekauka, anairudisha hivyo hivyo bila grisi ya silikoni, au ina unywele wa vumbi juu yake, anafunga, mteja anaondoka na saa ya mita 200 ambayo haistahimili hata ndoo. Isiyofunguliwa miaka mingi inabaki na muhuri wake wa kiwandani.

Kuhusu kugongwa, G-Shock hiyo muundo wake ulitoka 1983, injinia wa Casio anaitwa Kikuo Ibe alitaka saa ianguke mita 10, ivumilie presha ya maji ya bar 10 na betri ikae miaka 10. Iangalie kwa ubavu utaona ule ukingo wa plastiki umepanda juu kuliko kioo, ikipiga mbao kioo hakigusi. Za mishale nyingi kioo kiko juu, na mchanga wa mwaloni unakwaruza kioo cha kawaida, kisichokwaruzwa na mchanga ni safaya.


askari_wa_zamu

Fundi asante nimejifunza. Naomba kuuliza pembeni kidogo, nyumbani kuna saa ya marehemu babu, alipigana vita vya pili vya dunia akiwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, namba zake zina rangi ya kahawia na haziwaki tena. Naweza nikaipaka hiyo rangi mpya?


fundisaa_mza

Hapana, na usiifungue. Za miaka hiyo nyingi zilipakwa radiamu, kitu chenye mionzi. Haiwaki kwa sababu ile kemikali inayotoa mwanga imechoka, radiamu yenyewe ipo, inachukua miaka 1600 kupungua nusu. Kuna mabinti walikuwa wanazipaka kiwandani New Jersey huko Marekani miaka ya 1917 na kuendelea, walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, wengi wakaugua mifupa ya taya na wakafa. Hatari ni lile vumbi likiingia mdomoni au puani. Ihifadhi imefungwa, watoto wasiichezee, ukumbusho wa babu ubaki hivyo hivyo.


mvuvi_nansio

Wakuu nawashukuru sana, dada nesi umenielewa kabisa, mikono huwa haipo. Nimeamua nijikaze giza hili na lijalo, yaani vipindi viwili vya kuvua, ninunue ya sola ya mita 200 yenye taa ya kujiwasha. Swali la mwisho kwa fundi, nitajuaje sio feki, na nikishaivaa muda mrefu nitajuaje maji hayajaanza kuingia?


fundisaa_mza

Geuza nyuma, kwenye chuma kuna namba ya tarakimu nne ndani ya kiboksi. Ingiza hiyo namba kwenye tovuti ya Casio utapata kitabu chake cha maelekezo bure, fuata hapo hapo dukani batani moja moja. Feki inaonyesha saa na tarehe, lakini ukifika kwenye saa za miji au kiwango cha chaji inashindwa, au maandishi ya sola ni mchoro tu. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka. Akikubali, geuza na mkono chini ya meza penye giza uone taa inajiwasha.

Kuhusu maji, ivae mpaka ipate joto la mwili au iache mahali pa vuguvugu, sio juani kwenye bati, kisha dondoshea tone la maji baridi katikati ya kioo. Subiri kidogo ufute. Ukiona ukungu upande wa ndani pale tone lilipokuwa, unyevu umeshaingia. Usiende nayo ziwani usiku huo, ilete ifunguliwe ikaushwe na iwekwe oringi mpya. Ukija Mwanza ulizia mafundi kabla hujampa mtu yeyote, muulize ana grisi ya silikoni, akisema ya kazi gani chukua saa yako.