DNS ya chuo hapa Mtwara inasuasua, naipimaje?

mtandao_shangani:
Wakuu habari za saa hizi. Nasimamia mtandao wa chuo kimoja hapa Mtwara mjini, tuna seva ya DNS (programu ya Unbound) inayotafuta anwani za IP za majina ya domeini kwa kompyuta zote. Kushusha faili kubwa fresh kabisa ila kufungua tovuti mpya inafikiria weee mpaka wanafunzi wanalalamika, na ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) kwenda kwenye seva iko poa. Nataka namba za kumpelekea bosi sio hisia, nianzie wapi?

korosho_net:
Ping inapima njia tu mkuu, haikwambii seva inajibu majina kwa kasi gani. Chukua dig (amri ya kuiuliza DNS jina), uliza jina ambalo hamna aliyelifungua leo, soma mstari wa Query time alafu rudia jina hilohilo papo hapo. Mara ya pili jibu linatoka kwenye kache (majibu yaliyohifadhiwa) kwahiyo ni milisekunde 0 au 1, hiyo nayo ikichelewa basi ugonjwa uko humo ndani. Ikichelewa ya kwanza tu jua swali linazunguka nje, linaweza kuanzia seva za mzizi (za juu kabisa kwenye DNS), zile 13 za A mpaka M, lije za .com au .tz ndo lifike kwa mwenye domeini.

Na usimpelekee bosi wastani peke yake!! Maswali 95 yakijibiwa kwa milisekunde 1 na 5 yakasubiri sekunde 5, wastani unasoma kama robo sekunde, wakati hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri robo sekunde.

fundi_lindi:
Naongezea, piga unbound-control stats_noreset, ukiandika stats tupu inafuta hesabu kila ukisoma. Linganisha num.queries (maswali yote) na num.cachehits (yaliyojibiwa na kache), na recursion.time.median (muda wa katikati wa maswali ya nje) iangalie kuliko avg (wastani). Washa na extended-statistics (takwimu za ziada) kwenye konfigi uone NXDOMAIN (majibu ya "jina halipo") ni ngapi, zikiwa nyingi sana fungua dnstop (programu inayoonyesha nani anauliza nini kwenye DNS) uone ni mashine gani inauliza majina yasiyokuwepo, mara nyingi ni kirusi au kifaa kilichosetiwa vibaya. Ila kaka majina wanayofungua wanafunzi ni siri yao, ripoti iwe na jumla tu.

mtandao_shangani:
Asanteni sana. Kache inajibu chapu, za nje ndo zinabuma, na kwenye konfigi kumbe maswali yote yanatupwa kwa seva moja tu ya mbali. Nikiitoa hiyo?

korosho_net:
Itoe, weka prefetch: yes (Unbound inahuisha majina yanayoulizwa sana kabla hayajaisha muda kwenye kache), alafu pima saa zilezile za msongamano, usipime usiku chuo kimelala.