Mkojo umeziba, katheta haipiti: tununue seti za trokari au tubaki na kisu?

tabibu_bara: Habari za kazi wakuu. Bajeti ya robo inafungwa wiki ijayo na mganga mfawidhi anasubiri mapendekezo yangu. Tunapokea wazee wengi wa tezi dume waliozibwa mkojo, na kwa baadhi yao katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, haipiti kabisa. Naona njia tatu: seti za trokari (chuma chenye ncha kali) za kutoboa kibofu juu ya kinena, seti zenye waya wa kuongoza ambazo ni ghali zaidi, au tuendelee kufungua kwa kisu. Mngenunua ipi?

Mama Wodi: Mdogo wangu, umeuliza bei ya viatu hujataja saizi ya mguu. Mna ultrasaundi? Usiku anabaki nani? Rufaa iko mbali kiasi gani? Na hao ambao haipiti, mmejaribu katheta za namba ngapi, yaani unene gani?

kisu_kikali: Kisu, tena bila kusita. Ganzi ya lignokaine, mkato mfupi juu ya mfupa wa kinena, unaachanisha misuli, unavuta kwa sindano kwanza uone mkojo, unashika kibofu kwa nyuzi mbili ndipo unafungua. Foley, katheta yenye puto la kuishikilia ndani, namba 18 au 20 inaingia, unafunga. Unaona unachokata, na vifaa vyote tayari vipo theatre. Hela ya seti nunueni nyuzi na ganzi.

waya_mwembamba: Mkuu, kisu kinataka mpasuaji, na mpasuaji hayupo kila usiku. Ukiwa na waya unaingiza sindano, ukiona mkojo unapitisha waya, unatanua njia, unateleza katheta juu yake. Trokari inataka nguvu, na nguvu ndiyo inayopitiliza.

tabibu_bara: Samahani, ningeyasema mapema. Ultrasaundi ipo ila mtaalamu anaondoka jioni. Mpasuaji ni mmoja. Rufaa ni mwendo wa saa nne kwa gari, masika zaidi. Katheta tunazo namba 16 tu.

Mama Wodi: Basi tatizo la kwanza ni hizo namba 16, seti zinafuata. Kwenye tezi dume watu hukimbilia katheta ndogo, nayo hujikunja humo ndani. Agiza namba 18 za ncha iliyopinda, ncha itazame juu kuelekea kitovuni. Namba 12 na 14 ni za wenye kovu kwenye mrija wa mkojo. Jeli ya lignokaine ijae mrija, subiri dakika tano kwa saa, siyo kwa kukisia. Puto lisijazwe mpaka katheta imezama hadi kwenye panda, pale mpira unapogawanyika, na mkojo umetoka. Na aliyevunjika nyonga akiwa na damu kwenye tundu la mkojo, msilazimishe kupitisha chochote.

mzee_wa_lindo: Kabla hujanunua trokari nisikilize. Hospitali niliyofanyia kazi zamani aliletwa mzee usiku, tumbo la chini limejaa. Umeme umekatika, daktari anamulikiwa na tochi ya simu. Shuka lilishushwa kidogo tu, kiasi cha kupata sehemu ya kutoboa. Trokari ikasukumwa, mpira ukapita, kikatoka kimaji cha kahawia chenye harufu. Shuka lilipofunuliwa lote, kovu la upasuaji wa zamani lilikuwa limeshuka kutoka kitovuni hadi kinenani. Utumbo ulikuwa umeshikamana na ukuta wa tumbo. Alifunguliwa alfajiri, akakaa wodini kwa muda mrefu, akapona. Mwenye kovu la namna ile, ama ultrasaundi au kisu. Na asiye na kovu, kama kibofu hukigusi kimejaa, usitoboe.

kisu_kikali: Ndicho ninachosema.

waya_mwembamba: Hapana mkuu, lile ni kosa la kutofunua mgonjwa. Waya nao usingemwokoa, ila kisu cha mtu mwenye haraka kingeupata utumbo uleule.

nesi_wa_zamu: Naomba kuuliza. Sisi tunabana mpira kila mililita 500 ili kibofu kisitoke damu. Ni sahihi?

Mama Wodi: Acheni kubana. Kutoa taratibu na kutoa yote kwa mkupuo kumelinganishwa, na kubana hakukuonekana kuzuia damu. Kazi yenu ipo baadaye: pimeni mkojo kila saa. Ukizidi mililita 200 kwa saa, mfululizo, mpigieni daktari. Figo zinamwaga maji na chumvi, presha inaweza kushuka.

mzee_wa_lindo: Na usiku msipoweza lolote, sindano ndefu ya uti wa mgongo, vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, katikati kabisa. Vuteni mkojo, mzee apumue, gari liondoke. Masharti ya kovu ni yaleyale.

tabibu_bara: Asanteni. Namba 12, 14 na 18 za ncha iliyopinda nimeziandika. Seti bado, mfawidhi anauliza nani atafundishwa kuzitumia.

nesi_wa_zamu: Na waliokwisha wekewa wakarudi kijijini? Kwetu mzee alirudi na mpira uleule baada ya miezi mitano, puto limeota mawe.

kisu_kikali: Hilo fungulia uzi mwingine, dada. Nina mengi.