DVD ya harusi inacheza kwa kompyuta yangu, kwa deki ya koko (bibi) inakataa

Mwana_Kadutu
Jambo wandugu. Dada yangu aliolewa mwezi uliopita hapa Bukavu. Koko yetu yuko Walungu, magoti hayakumruhusu kuja. Simu yake ni ya vitufe, lakini ana televisheni ya zamani ile yenye mgongo mkubwa, na deki ya DVD, vyote kwa betri ya sola.

Mpiga picha alitupa flashi yenye faili mbili za MP4: kanisani GB 2.3, sherehe GB 1.8. Nikanunua DVD-R tatu Kadutu, nikachoma ya kwanza, nikaijaribu kwangu, inacheza safi. Binamu akaipeleka. Jioni ananipigia: deki inazungusha, inazungusha, halafu inaandika NO DISC. Koko amevaa kitenge cha harusi, majirani wameshakaa, wote wanatazama buluu tupu.

Ya pili umeme ulikatika ikiwa asilimia 70 (betri ya mashine yangu ilikufa zamani). Nimebakiwa na moja, naiogopa. Kosa langu ni nini?

Fundi_Nguba
Pole kwa koko. Ulichochoma si DVD ya video, ni sanduku la faili. Kompyuta inafungua sanduku lolote. Deki ya zamani inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye video za muundo wa MPEG-2, isipoiona haina habari na wewe. Chukua DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD za video, ni ya bure. Chagua PAL (mfumo wa picha wa televisheni), ingiza faili zako, itazigeuza yenyewe. Kwa mashine dhaifu ianzishe usiku ukalale.

Harusi ni dakika ngapi? Ukubwa wa MP4 usikudanganye, hapa tunahesabu muda. DVD ya kawaida ni GB 4.7 (Windows itakuonyesha 4.37, hujaibiwa). Mpaka saa mbili picha inatoka vizuri, ukizidisha sana nyuso zinakuwa vigae.

Mwana_Kadutu
Saa moja na dakika 48.

Fundi_Nguba
Inaingia.

Yaya_Bagira
Mnajitesa. Deki haina tundu la flashi?

Mwana_Kadutu
Yaya, linalo. Tulijaribu, inaonyesha jina la faili, ukibonyeza inagoma. Halafu koko mwenyewe anataka kitu chenye kasha, akiweke pamoja na Biblia yake.

Yaya_Bagira
Haya, basi tuongee umeme. Usigrave (usichome) moja kwa moja. Mwambie DVDStyler akutengenezee ISO kwanza, yaani faili moja yenye DVD nzima ndani. Umeme ukikatika wakati wa kugeuza, umepoteza usiku mmoja. Ukikatika wakati wa kuchoma, DVD-R hairudii, tundika mtini ifukuze ndege. ISO ikiwa tayari ifungue kwa VLC uione yote, kisha azima mashine yenye betri nzima, uchome kwa programu ya ImgBurn, kasi 4x.

Na kama ISO itapita GB 4, flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani) haitaibeba hata ikiwa na nafasi. Toa vitu vyako, uifomati exFAT.

Mwana_Kadutu
Yaya, hilo la flashi limeniokoa, ilikuwa imeshaanza kukataa! Nimechoma kwa mashine ya jirani, robo saa hivi. Binamu amepanda nayo leo, INACHEZA.

Ila sasa watu wote wamekuwa warefu, wembamba. Bwana harusi kama mkaratusi. Koko anauliza huyu mkwe mnamlisha nini huko mjini.

Fundi_Nguba
😂 Usichome tena! Video ya harusi ni 16:9 (pana), televisheni ni 4:3 (karibu mraba). Binamu aingie kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya skrini, achague 4:3 LB. Itatokea mistari myeusi juu na chini, awaambie majirani si ugonjwa.

Mwana_Kadutu
Amebonyeza. Mkwe amenenepa.