Vinundu vya kabonati kwenye udongo wa kale: thamani za δ13C zinatawanyika mno

Mchanga_na_Mfinyanzi: Nina vinundu vya kalisiti (madini ya kabonati ya kalsiamu) kutoka tabaka moja la udongo wa kale. Nimevisaga vizima vizima, na δ13C, yaani uwiano wa isotopu za kaboni, imetoka kati ya −8 na −1‰ (kwa kipimo rejea cha VPDB). Je, niseme uoto ulibadilika? Na δ18O, yaani uwiano wa isotopu za oksijeni, inaweza kunipa halijoto?

Keekee: Usiseme lolote kuhusu uoto bado. Ukisaga kinundu kizima unachanganya vizazi kadhaa vya kalisiti. Kikate katikati, ng'arisha uso wake, tengeneza kipande chembamba cha hadubini. Unachotaka ni mikriti, yaani kalisiti ya chembe ndogo mno, iliyofifia. Mishipa myeupe yenye fuwele kubwa huwa imejazwa baadaye, mara nyingi na maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo iepuke. Keekee ya ncha ya nusu milimita inatosha: mashine ya kawaida ya isotopu inahitaji takriban mikrogramu 100 tu za unga.

Angalia pia chembe za chokaa ya bahari zilizoletwa na mto au upepo. δ13C yake huwa karibu na 0, kwa hiyo huo −1 wako unanitia shaka. Dolomiti nayo (kabonati yenye magnesiamu) huyeyuka polepole kuliko kalisiti kwenye asidi ya fosforiki, ile inayotoa gesi ya kupimwa. Pima unga wako kwa eksirei kwanza uone kama imo.

Tabaka_Bk: Naongeza suala la kina. Hujasema vinundu vimetoka sentimita ngapi chini ya uso wa udongo wa wakati ule. Karibu na uso, kaboni dioksidi ya angani huingia udongoni na kuzifanya thamani kuwa nzito, yaani kupanda juu, hasa penye ukame ambako mizizi hupumua kidogo. Chukua kuanzia sentimita 30 kwenda chini. 50 ni salama zaidi. Ugumu ni kwamba sehemu ya juu ya udongo wa kale mara nyingi imemomonyoka, basi tafuta alama za mizizi kabla ya kupima kwa utepe.

Ukishasafisha data, mimea ya C3 (kama miti na vichaka vingi) pekee hutoa kabonati ya karibu −12, na nyasi za C4 (nyasi nyingi za maeneo ya joto) pekee karibu +2. Katikati ni mchanganyiko. Ila C3 iliyobanwa na ukame nayo husogea juu, kwa hiyo −8 haimaanishi nyasi moja kwa moja.

Keekee: Kuhusu halijoto: δ18O peke yake haitoshi. Inategemea joto na pia δ18O ya maji ya udongo, ambayo hubadilika kwa chanzo cha mvua na kwa uvukizi. Kosa la 1‰ kwenye maji ni kosa la nyuzi 4 hadi 5 hivi.

Njia ya Δ47 hupima jinsi 13C na 18O, isotopu nzito za kaboni na oksijeni, zinavyoungana ndani ya kalisiti, kwa hiyo haihitaji kujua maji. Gharama yake ni unga: miligramu kadhaa kwa kila kipimo, na lazima urudie. Zungusha keekee taratibu, maana joto la msuguano huharibu mpangilio huo. Usichome sampuli kuondoa mboji. Tabaka lililozikwa kwa kina hadi kuzidi nyuzi 100 kwa mamilioni ya miaka, achana nalo.

Tabaka_Bk: Na usiite jibu lake wastani wa mwaka. Kalisiti hujijenga udongo unapokauka, na penye msimu mmoja wa mvua hiyo mara nyingi ni miezi ya joto.