Mchoro wa kanuni za 2008, saini ya mwaka jana, lawama kwa fundi!

Wakuu, sitamtaja, mnamjua. Yule injinia mshauri mwenye michoro ya rangi saba. Leo mteja kauliza kwa nini bweni la wanafunzi halina AFDD (kifaa kinachokata umeme kikihisi cheche hatari kwenye nyaya) kwenye saketi za soketi, jamaa kajibu: "Fundi anayejua kazi harudi kuuliza mchoro." Mbele ya mteja!

Mchoro wenyewe ni rivisheni C, kausaini mwaka jana, na kwenye kona umeandikwa BS 7671:2008, zile kanuni za Uingereza za kufunga umeme. Toleo la 17! La 18 lilitoka 2018, marekebisho yake ya pili yakaja Machi 2022, na toleo la kabla ya marekebisho hayo likaondolewa rasmi Septemba mwaka huohuo. Huyu mtu anakopi maelezo ya jumla tangu enzi za mababu, hata mwaka hafuti.

Na si suala la kuchomoa breka na kuchomeka nyingine. Kwenye mabweni yaliyojengwa mahsusi kwa wanafunzi, AFDD ni lazima kwa saketi za fezi moja zenye soketi hadi ampea 32. DB (boksi la breka) aliyochora ina njia 12, zote zimejaa, na kuna AFDD zinazokula moduli mbili. SPD, kinga ya volti za ghafla kama za radi, haina pa kukaa. Ukiibandika pembeni, nyaya zake zinapita nusu mita na kinga inapungua. RCD (inayokata umeme ukivuja) kaandika "30mA" basi, aina hakuna, wakati aina AC siku hizi inakubalika tu kwa kifaa cha kudumu kinachojulikana hakitoi mkondo wa DC. Kurekebisha hayo ni kupiga hesabu upya, kuagiza DB nyingine na kutanua tundu la ukutani. Huo ni ubunifu! Cheti kina saini tatu: ubunifu, ufungaji, ukaguzi na upimaji. Yeye anataka ada ya saini ya kwanza, mzigo wake abebe wa pili.

"Harudi kuuliza mchoro." Amuulize nani sasa, fundi bomba?

ZeNyutro: Pole mkuu, ila punguza povu. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kubuni, si ya kufunga. Kama ubunifu ulikamilika kabla ya Septemba 2022, ana pa kujificha.

Mleta uzi: Rivisheni C imeongeza ghorofa zima! Ghorofa halikuwepo 2022, alilibuni usingizini? Halafu anasema mbele ya mteja eti fundi harudi kuuliza!

MegaOhm: Usiguse kitu. Andika barua leo, taja namba ya mchoro, rivisheni na kanuni 421.1.7 (ile ya AFDD), omba maelekezo ya maandishi kabla hujaagiza DB. Ukibadilisha kimyakimya, wewe ndiye mbunifu wa sehemu hiyo na utasaini hivyo kwenye cheti. Bima nyingi za wakandarasi hazigusi makosa ya ubunifu. Barua hiyohiyo ndiyo itakayobeba dai lako la gharama za ziada.

BrekaKuu: Mwaka 2008 uko kwenye kona kwa herufi kubwa, mkuu akabeba zabuni hivyohivyo. Swali hilo lilikuwa la wakati wa zabuni. Sasa unalia nini?

Mleta uzi: Kwa hiyo yeye alipwe kubuni, mimi nilipwe kumsahihishia? Mwenye kosa ni aliyesaini.

MamaSaketi: Tuache wabunifu, mafundi nao wananitoa roho. Mtu anaambiwa aweke RCBO (breka na RCD kwa pamoja) kila saketi, anaacha nyutro ya kuazima, yaani saketi moja inarudisha umeme kwa nyutro ya nyingine, kwenye taa za ngazi. Taa ikiwaka tu RCBO inaruka. Anabadilisha RCBO tatu, anasema zote feki! Tenganisha nyutro kwanza, kila moja irudi kwenye kifaa cha saketi yake.

ZeNyutro: Na wale wa kupima insulesheni kwa volti 500 SPD ikiwa imeunganishwa! Usomaji unashuka, wanahukumu kebo nzima. Chomoa SPD. Ikishindikana kabisa, pima kwa 250.

FundiTranki: Hao nafuu. Kuna wanaojaza tranki (mfereji wa kebo wenye kifuniko) mpaka kifuniko kinafungwa kwa goti. Asilimia 45 tu ndiyo ya kebo, nafasi iliyobaki ni ya joto na ya kuvuta kebo bila kuichuna.

BrekaKuu: Tranki tena? Tuanze na wapiga plasta wanaoziba boksi za soketi kwa saruji. Ukizigongoa, kingo zinapinda na skurubu haishiki.

MamaSaketi: Weka karatasi ngumu ndani ya boksi kabla hawajapita.

BrekaKuu: Wanaitoa wanakalia.