Nyinyi mnaotengeneza fomu za kupakia faili, huwa mnazijaribu na simu ya nani?

Jamani, leo sina upole. Nafanya kazi saiba (duka la intaneti) hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na JavaScript, lugha ya programu za tovuti, naiandika pia, kwa hivyo asije mtu hapa kuniambia eti wateja hawajui kutumia simu. Wanajua. Fomu zenu ndizo mbovu.

Asubuhi kaja mama mmoja kutoka Likoni, anamwombea mwanawe basari. Fomu inataka barua ya chifu. Barua kaipiga picha vizuri, inasomeka kila neno. Akachagua picha, akabonyeza tuma, kile kiduara kikazunguka weee, mwisho: "Kuna tatizo, jaribu tena." Tatizo gani? Hakuambiwa. Akachagua tena picha ile ile, na mara hii hata kiduara hakikutokea. Akaniuliza, "Mwanangu, simu yangu imeharibika?" Haijaharibika, mama.

Nikairudia fomu kwenye kompyuta, zana za kivinjari zikiwa wazi. Mmetegemea tukio la `change`, ishara ya kivinjari kwa msimbo wenu, peke yake. Kivinjari hulitoa pale chaguo linapobadilika. Faili likiwa lile lile, kwake hakuna kilichobadilika, basi msimbo wenu hauitwi kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja: mkishalichukua faili kutoka `input.files[0]`, andikeni `input.value = ''`, chaguo lifutike na lijalo lihesabiwe jipya. Faili mnalo tayari kwenye kigeugeu (variable) chenu, halipotei popote. Mstari mmoja! Na kwa kukosa mstari huo mtu angepanda feri kurudi kwao basari hajaomba, akiamini kosa ni la simu yake.

Lile tatizo la kwanza ndilo lililonichemsha zaidi. Picha ilikuwa na MB 4 na kitu. Seva yenu ni nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari, na nginx isipoguswa mipangilio yake hupokea ombi la MB 1 tu. Likizidi, inarudisha 413, namba ya kusema ombi ni kubwa mno, pamoja na ukurasa wa HTML. Sasa `fetch`, amri yenu ya kutuma faili, haihesabu 413 kuwa kosa, inapita tu. `response.json()`, inayotarajia data ya JSON, ikakutana na HTML, ikaanguka, nanyi kila aina ya kosa mmelizika ndani ya `catch` moja, sehemu ya kudaka makosa, yenye ujumbe mmoja. Na ukubwa mnao kwenye `file.size` kabla hata baiti moja haijatoka kwenye simu! Mwambieni mtu pale pale: picha yako ina MB 4, sisi tunapokea MB 1. Au ipunguzeni wenyewe, ichoreni ikiwa ndogo kwenye `canvas` (turubai ya kivinjari), itoeni kwa `toBlob` ikiwa JPEG, barua itabaki inasomeka. Bando lililoungua kupandisha MB 4 za bure ni pesa ya mama wa watu.

Kuna wengine wanaweka `accept=".pdf"`, yaani fomu ionyeshe PDF tu, picha zote za barua zinafifia, hazichaguliki, wala hapana neno linaloeleza kwa nini. Halafu hao hao wanadhani `accept` ni ulinzi. Si ulinzi, mtu akitaka anaikwepa, kukagua faili ni kazi ya seva.

Na hicho kiduara chenu. Kwenye mtandao wa kusuasua mtu hajui kama faili linapanda au limekwama, basi anafunga ukurasa na kuanza upya. Akirudi kila kitu kimefutika, na faili lazima alichague tena kwa mkono wake, kwa sababu kivinjari hakiruhusu ukurasa kujijazia faili la mtu. Hiyo ni haki, la sivyo tovuti yoyote ingetuibia nyaraka. Ndiyo maana inawapasa kumwonyesha asilimia. `fetch` haitoi taarifa ya kilichokwisha kupanda, lakini `XMLHttpRequest`, njia ya zamani ya kutuma, ina `upload.onprogress` miaka yote hii. Itumieni.

Barua ya mama nimeipunguza mwenyewe, imepita. Wasio na saiba karibu je?

Mwenye fomu hiyo akiwa yumo humu, aje faragha, mistari yote nitampa bila malipo. Lakini iwekwe sasa, maombi kabla hayajafungwa.